Vichupa Viwili, Mfuko Mmoja

Jumatano, Kisugu, Kampala. Tangu asubuhi mawingu yamejaa na mvua haitaki kunyesha. Kazini nimeomba ruhusa. Nimefagia chumba mara tatu, chai nimeipika na kuisahau mpaka ikapoa.

Nina jambo la kukiri.

Wiki tatu zilizopita wauguzi walipiga hema karibu na soko, wakipima akina mama kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Siku hizi si lazima ulale kitandani na kupanua miguu mbele ya mgeni. Unapewa kijiti chenye pamba na kichupa, unaingia msalani, unajichukulia mwenyewe. Muuguzi alitueleza bila haya: ingiza taratibu ukeni mpaka uguse kitu kigumu kidogo, kama ncha ya pua, huo ndio mlango wa kizazi, zungusha, toa, tia kichupani, funga. Miaka arobaini na moja nimeishi na kitu hicho na sikuwahi kujua kiko hivyo.

Mimi ndiye niliyemvuta Mama Zubeda. Ni jirani yangu, Mnubi, mjane, mfumaji wa vikapu, na tangu nihamie hapa kutoka Kenya amenichukua kama mtoto wake. Alikataa kuingia peke yake kwa sababu ya goti lake bovu. Basi tukaingia wote wawili, nikageukia ukuta mpaka akamaliza, naye akanipa mgongo zamu yangu ilipofika. Tulicheka kama wasichana wa shule. Muuguzi alikuwa ametuambia tubandike namba kwenye vichupa kabla ya kuingia. Nikasema zitalowa, tutabandika tukitoka. Vichupa vyote viwili nikavitia kwenye mfuko mmoja wa gauni langu.

Nje foleni ilikuwa ndefu na macho yote kwetu. Muuguzi akauliza kipi cha nani. Sikujua. Nikabandika tu, haraka haraka, uso mkavu.

Na mimi ni karani bandarini Port Bell! Kutwa nzima nalinganisha namba za mabehewa na zile za kwenye karatasi, na mtu akikosea tarakimu moja namfokea mbele ya wenzake.

Jumatatu muuguzi akapiga simu. Namba yangu ya simu ndiyo tuliyoandikisha kwa wote wawili. Majibu yangu safi. Mama Zubeda ana kirusi. Si saratani, akasisitiza, ila Ijumaa aje waukague mlango wa kizazi kwa kuupaka siki, wakiona doa jeupe wapate kulitibu mapema. Kabla hajamaliza nilishasema asante Yesu.

Nilishukuru. Naandika hivyo hivyo.

Kisha nikakumbuka mfuko. Nikakumbuka pia kwamba kwa miezi kadhaa natokwa na damu kidogo kidogo katikati ya mwezi, na sijamwambia mtu. Nikampelekea Mama Zubeda majibu kama nilivyoambiwa, la mfuko nikalimeza.

Hakulia. Aliniuliza kama siki hiyo ni ile ya kachumbari. Lakini jana hakugusa ukindu wake. Alivaa gauni la Idi, akapita nyumba hadi nyumba akiomba watu msamaha, kama mtu anayejiandaa kuondoka duniani. Alifika hata kwa wifi yake wa ng'ambo ya barabara, ambaye hawajasalimiana tangu msiba wa mumewe.

Leo saa nne akafika kwangu. Akakaa kwenye stuli, akanishika mkono.

"Binti yangu, kama kuna siku mimi nilikosea wewe kwa mdomo yangu, wewe samehe mimi. Ijumaa naenda kule, sijui itakuwa namna gani."

Nikamjibu nimekusamehe. Mimi, kumsamehe yeye!

Alikuwa ameshafika mlangoni nilipomwita arudi. Nikamwaga yote: mfuko, foleni, hata ile damu. Hasira ikampanda, nami nikaona afadhali hasira.

"Kumbe mimi nilienda kupigia ule mwanamke magoti bure? Na goti hii yangu?"

Akafyonza, akatoka. Baada ya dakika chache akarudi, sauti imeshuka.

"Hiyo damu, nyabo wangu, ilianza lini?"

Nikamwambia. Akasema bambi, yaani pole kwa Kiganda, akakaa tena, akanishika ule mkono aliouacha. Hapo ndipo nilipolia.

Nikampigia muuguzi mbele yake. Akasema Ijumaa twende wote, wachukue vipimo upya na kutukagua sote wawili, na damu yangu ichunguzwe hata majibu yakiwa mazuri. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

Mama Zubeda amesema tutakwenda pamoja, ila msalani kila mtu ataingia kivyake, goti au hakuna goti. Sasa amerudi kwake kuswali adhuhuri, nasikia maji anapotawadha. Nami nimepiga magoti hapa kando ya kitanda, najaribu kuomba, na kila nikianza nakwama pale pale.

Nikisema Mungu wangu, kirusi hicho kisiwe changu, namwomba kiwe cha nani?