Mtungi wa Mwali

Alhamisi. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini mawingu bado yameukalia mlima na hewa ni nzito. Siwezi kutulia popote.

Sijamwambia mtu hili: ninauogopa mtungi.

Uko katika chumba alimowekwa mdogo wangu Mwanahawa tangu alipovunja ungo. Una maji yake ya kuogea, yenye majani ya dawa aliyochuma bibi mlimani. Maji hayo hayamwagwi mpaka mwali atoke, huongezwa tu. Mwanamume haingii humo, hata kaka. Siku hizi namjua Mwanahawa kwa sauti ya kikohozi chake.

Juzi bibi alitoka na kata ya maji hayo, akaitua kizingitini. Nikachungulia. Viluwiluwi walikuwa wakicheza ndani.

Shuleni mwalimu alituonyesha wadudu hao kwenye gilasi, wakageuka mbu mbele ya macho yetu. Alisema mbu ndio waletao homa. Wenzangu walicheka. Mimi niliamini, na tangu hapo sina raha na maji yaliyotulia.

Sasa Mwanahawa ana homa. Namsikia akitetemeka nyuma ya ukuta.

Na kesho askari wa mbu wa serikali ya Mdachi wanafika mtaa wetu na mafuta yao ya taa, ya kuulia viluwiluwi. Sisi wanafunzi tutatangulia kuwaonyesha nyumba. Mtungi ulio wazi, wenye viluwiluwi, huvunjwa; uliofungwa vizuri huachwa. Wataingia kwa mwali, wamwone, na watu watasema aliyewaleta ni kaka yake.

Nikinyamaza, mbu wanabaki naye. Nikisema, askari wanaingia.

Mchana nilijikaza. Bibi alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umesimama kama kuku aliyenyeshewa?"

Nikamweleza habari za viluwiluwi na askari wa kesho. Akacheka mpaka mboga zikamwagika.

"Mbu wa shuleni kwenu hao! Wa kwetu huja na mvua. Maji yale simwagi, hata aje Mdachi na bendera yake."

"Usimwage, bibi. Uufunge mtungi kwa kitambaa."

"Kitambaa! Maji yana haya?"

Nikaona aibu, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hasira zilinijaa, na sijui nilimkasirikia nani. Mwanahawa akaanza tena kutetemeka, meno yanagongana.

Nikarudi. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi.

"Bibi, mwali akitoka hata kwenda uani mnamfunika gubigubi asionwe. Maji ya mwali mbona mnayaacha wazi, kila mdudu anaingia?"

Hakucheka. Aliutazama mlango wa mwali, akajifuta mikono.

"Kitambaa chepesi," akasema. "Na kiwe safi."

Kitambaa chepesi na safi katika nyumba yetu ni kimoja tu. Nilichukua kanzu yangu ya shule, nikaikata sehemu ya chini, nikampa bibi pamoja na kamba. Nikampa na dawa chungu ya homa niliyogawiwa shuleni, ampe Mwanahawa. Aliingia peke yake. Nilisimama nje mpaka aliposema kwamba fundo limekaza, hata mbu hapenyi.

Kisha nikatafuta sindano, nikapinda upya kanzu yangu, ambayo sasa inaishia magotini. Nimeitundika ukutani. Kesho nitaivaa, nitangulie mbele ya askari, na mlangoni kwetu niwaambie mtungi wetu umefungwa, hakuna haja ya kuingia.