Kiti cha Baba Mkwe

Kinyala, 3 Juni 2024

Godwin, kichwa chako kigumu kama jiwe! Nilisema gari la marehemu baba yako lisiondoke hapa mpaka matanga yaishe. Umeliondoa. Haya, salamu sasa: ugonile. Mimi mzima, mgongo tu. Mkeo Lightness na mimba yake hawajambo? Nasikia gari limekugomea hapo Bulyaga. Fundi gani wewe? Lina nini? Andika, simu zenu zinakata maneno.

Bibi yako, Tusekile

*

Bulyaga, 5 Juni

Shikamoo Bibi. Sisi wazima, pole na mgongo.

Injini imepoteza kompresheni: pistoni zinapanda ila hazibani hewa, haiwaki. Nilitoa plagi, nikafunga geji ya kupima mbano, Lightness akakaa kwenye usukani kunipigia starta. Sindano ikalala sifuri, silinda zote. Nikamwagia oili ndani, ikalala vilevile, kwa hiyo si ringi za pistoni zilizolika. Valvu nzima, mkanda wa taimingi mzima. Jirani Twalib akapiga starta yeye: sindano ikapanda! Lightness akarudi, ikalala. Anasema kiti kina joto, na kila akikivuta mbele anakikuta kimerudi nyuma, alipokiweka baba.

Bibi, sijawahi kuona hii gereji yoyote.

Mjukuu wako, Godwin

*

Kinyala, 6 Juni

Mpumbavu wewe! Salamu baadaye.

Mke wa Mnyakyusa hapishani njiani na baba mkwe, hamtazami, hakalii alipokalia. Lightness, mwalimu wa watu, katoka Singida, atajuaje? Wewe ulijua. Ulidhani akifa ndiyo basi? Matanga hayajaisha, baba yako bado yumo kitini mwake.

Lightness anapumuaje? Jibu upesi, Lazaro wa bodaboda aliyeleta barua hii anasubiri hapo mlangoni.

Bibi yako

*

Bulyaga, 6 Juni

Bibi, anahema akiwa amekaa tu. Hamalizi sentensi. Amejifunika khanga usoni, anasema anaona aibu, hajui anamwonea nani.

Godwin

*

Kinyala, 6 Juni

Usilie, sikukulea hivyo.

Mpeleke hospitali sasa hivi, kwa gari la Twalib. Madaktari wamwekee hewa, wewe usiwaeleze mambo ya kwetu, watakucheka na kuchelewa. Twalib abaki naye.

Halafu gari la baba yako niletee, wewe peke yako; mkeo hayumo, litawaka. Kiti kile nitakikalia mimi. Baba yako Ambilikile nilimzaa mimi, nikimwambia shuka atashuka.

Njiani ukisikia mtu anakohoa nyuma yako, usigeuke. Mwamkie, kanyaga mafuta, njoo.

Bibi yako, Tusekile