Yeyo Anataka Kufunga Shule

Jumamosi. Vumbi la Kitengela limeingia hadi kwenye kikombe cha chai, na moyo wangu haujatulia.

Kesho, kwenye mkutano wa baada ya ibada, Yeyo, mama yangu, anatakiwa kuachia uenyekiti wa kisima cha akina mama kule Kisaju. Katiba yao inasema mihula miwili, basi. Wenzake wanataka kukifuta kipengele hicho ili abaki, na mimi nawaunga mkono kimyakimya. Tangu Baba atuache, kisima ndicho kinachomwamsha asubuhi. Naogopa atabaki akitazama ukuta.

Nina ugonjwa wa kujiuliza "ingekuwaje". Kwa hiyo leo nilienda kwake kumshawishi, nikaibeba Marekani nzima hadi jikoni. Nikamwambia kulikuwa na rais aliyechaguliwa mara nne, na ni baada yake ndipo wakaweka kikomo cha mihula miwili. Je, kama wasingeweka? Yule jenerali waliyempenda, aliyekuja kuwa rais baadaye, huenda angeendelea na muhula wa tatu. Kijana aliyemfuata kwenye urais, yule aliyepigwa risasi, angesubiri zamu yake, na pengine angezeeka akicheza na wajukuu. Nilijiona mwerevu kweli.

Yeyo akaacha kukoroga chai. "Muhula si ni ile ya shule?"

Kwake muhula ni huo tu: sanduku la bati, na mtoto anaenda bweni. Nikasema ni karibu hivyo.

"Na huyo wa mara nne, alifunga shule lini akaenda kwao?"

Hakwenda, nikamwambia. Alifariki akiwa bado rais.

"Woi! Hawakumfungia hata mara moja?"

Nilikumbuka shule zikifungwa, Yeyo akinisubiri kando ya barabara ya Namanga na kibuyu cha maziwa, jua likimchoma, wala haniulizi nimekuwa namba ngapi mpaka nimalize kunywa.

"Mimi nimechoka, Naserian," akasema. "Nataka kufunga shule."

Sijawahi kumsikia akisema amechoka.

Nampenda sana huyu mama, na bado nilitaka abaki bwenini ili mimi nilale bila wasiwasi.

Kesho sitaingia mkutanoni. Nitasimama palepale kando ya barabara na kibuyu cha maziwa, nimsubiri. Sitamuuliza kitu mpaka amalize kunywa.