Mwatu Uliogeuka Jiwe

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mto umekauka kabisa. Nimefunga cherehani mapema nikashuka na karai langu kuokota mawe. Watu wa hapa Tulia wanasema mimi, Nduku, nina wazimu wa mawe. Waseme! Wengine wana wazimu wa umbea.

Leo nimepata la ajabu. Pale kwenye kona, chini ya chemchemi ya maji ya chumvi, lilikuwa limechomoza nusu mchangani. Urefu wa mkono, limepinda kama kipande cha pipa. Juu ni jeupe, lakini ubavuni kuna nyuzi za mti. Nyuzi kabisa! Nimelibeba kichwani hadi nyumbani, shingo inaniuma mpaka sasa.

Nikalimwagia maji kutoa mchanga. Likilowa, mistari inatokea. Mitatu, na mmoja wa kuikata, umelalia kushoto. Likikauka, mistari inapotea. Nikamwaga tena. Ikarudi.

Alama hiyo naijua. Ndugu yangu Munyao aliichonga kwenye kila mwatu wake, mzinga wa gogo, ili mtu asijidanganye ni wake. Ya marehemu Baba ililalia kulia. Yake kushoto, kwa sababu alishika kisu na mkono wa kushoto.

Nimelifunika na gunia. Mama sijamwambia.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikusikia neno hata moja. Mama amepiga pasi shati la Munyao tena, akalitundika mlangoni, kama kila Jumapili tangu mafuriko ya ile Novemba, miaka sita sasa. Munyao alikuwa anavuka na mwatu begani. Watu walimwona akiingia majini. Hakuna aliyemwona akitoka.

Halafu mtu fulani akaja kusema amemwona mjini Sultan Hamud akisukuma mkokoteni. Basi! Mama alishika hilo na hajaliachilia. Mchungaji akitaja ibada ya kumbukumbu, anafukuzwa bila chai.

Nimechoka na hilo shati, jamani. Leo nimemuuliza kama huko Sultan Hamud watu hawana simu. Akaniuliza kama ni mimi niliyemzaa Munyao. Nikaosha vyombo.

Jumanne, 9 Septemba

Picha nilimtumia Yvonne, rafiki yangu anayefundisha jiografia huko mjini Wote. Akaipeleka kwenye group yao ya wapenda mawe. Ubishi! Mmoja anaapa ni mti wa kale uliogeuka jiwe, wa mamilioni ya miaka, na hiyo mistari ni nyufa tu. Mwingine anasema ni mbao ya juzi iliyovikwa chokaa na maji ya chumvi, vile birika zetu zinavyoota ganda jeupe ndani.

Yvonne akanipigia. Eti likamulie ndimu. Chokaa itatoa povu. Jiwe la kale litanyamaza.

Kwa hivyo ni hivi. Likinyamaza, ni jiwe tu, na Mama aendelee na Sultan Hamud yake. Likitoa povu, ni mwatu wa Munyao, na Munyao yuko pale kwenye kona. Na malori ya kuchota mchanga yanazidi kusogea huko kila siku!

Nimenunua ndimu dukani kwa Deqa. Iko mezani. Sijakata.

Kitu kingine. Saa sita mchana nimetoa gunia, jua limewaka, na nyuki wakaja. Wachache. Jiwe lilikuwa kavu, halina utamu wowote. Wametembea pale pale ambapo mistari hujitokeza, kwenda na kurudi, hawakukosea njia. Nimeingia ndani nikafunga mlango, mchana kweupe.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekata.

Kwanza nilijaribu kwenye lile jiwe langu la dirishani, lile gumu ambalo hata kisu hakilikwaruzi. Kimya. Halafu hili.

Povu. Wuui! Likachemka likitoa sauti ndogo, ssss, hata baada ya kuacha kukamua. Nikakaa chini sakafuni.

Kugeuka — Mama yuko mlangoni. Akauliza ni nini hicho kinacholia. Nikamwambia yote, sikuficha hata kidogo. Si ndilo nililotaka siku zote, ajue ukweli?

Hakulia. Aliweka sikio juu ya jiwe, akaita Munyao, polepole, kama anayebisha hodi kwa mtu aliyelala. Akangoja. Akaita tena. Kisha akasema tutaenda mtoni kesho asubuhi, kabla ya malori.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika hapa hapa mtoni.

Mama amekuja na lile shati mkononi, limepigwa pasi. Lori lilikuwa limeshafika. Amekaa mchangani mbele ya magurudumu, miguu ameinyoosha. Mwau, dereva, amezima injini mwenyewe, akavua kofia. Ndugu yetu mkubwa Nthiwa akachimba. Hakuchimba sana.

Si mwatu. Ni jeupe vile vile, ganda vile vile, lakini lina kisigino. Umbo la gambuti, kile kiatu kirefu cha mpira. La kushoto. Mdomo umeziba kwa mchanga uliokauka kama simiti, na ni zito. Zito kuliko kiatu.

Nthiwa amelitupa, akaliokota, akaomba msamaha — sijui alikuwa anamwomba nani. Amekimbia kumwita chifu. Mwau na vijana wake wamesimama mbali.

Mama ameliweka mapajani, juu ya shati. Nyuki wamefika. Mmoja, halafu wengine, wanatembea pale kwenye kisigino, na yeye hawafukuzi.

Ameniuliza kama ndimu imebaki. Anataka kulikamulia mwenyewe, anasema, asisikie ya kuambiwa.

Nimemwambia imeisha.

Nusu iko mfukoni mwangu. Nimeifinya mpaka kitambaa kimelowa na harufu imetoka. Amenyoosha mkono, hajaurudisha, ananiangalia tu —