Chupa ya Rafu ya Pili

Kaka,

Salamu zako kwa baba zimefika, ila mwenyewe hayupo wa kuzipokea. Nitalifikia hilo. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Paka amezaa ndani ya sanduku lako la vitabu, na hatukumfukuza, maana angalau yeye analitumia.

Kule maabara mimi bado ni mlishaji wa seli tunazozikuza ndani ya chupa. Seli za ini zenye afya zina adabu: hazikui mpaka zipate kichocheo cha kuziamuru zikue, na kikiisha zinatulia. Za saratani adabu hiyo hazina. Mwezi uliopita niliinyima chupa moja ya hizo za saratani kichocheo kwa siku tano, nikidhani zitatulia. Wapi! Zinajitengenezea kichocheo zenyewe, zinajiamuru na kujitii. Nikakukumbuka wewe.

Nilikupigia mara nne, na kila mara ulisema, "Vumilia mdogo wangu, nikimaliza mambo yangu nakuja." Ini la baba halikuvumilia. Tumemzika Jumanne. Upande wako wa jeneza aliubeba jirani yetu, fundi bomba.

Chupa ile ilikuwa ya baba, kaka. Daktari alipomkata kipande cha uvimbe, baba mwenyewe alisema, "Mpeni binti yangu, atakitunza."

Ulitaka kumkuta angali hai. Basi njoo, usiwe na haraka. Yuko maabara, kwenye kabati la joto, rafu ya pili, na bado anakua.

Mdogo wako,
ninayemlisha kila asubuhi.