Mafuta Taa Katika Chai ya Kioko

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nina miaka sabini na minne. Nimezika wake wawili. Nimezika hata yule daktari aliyesema sitamaliza mwaka. Bado nachonga vinyago. Leo ndovu watatu. Hapa mtaani Mowlem hakuna mkono kama huu.

Kioko wa kibanda cha chai akasimama mbele ya watu. "Mzee, hawa nguruwe wako ni pesa ngapi?" Wakacheka wote. Atanijua.

Jumatano, 8 Machi
Wateja wawili. Wote wameona nguruwe. Na ndovu ni wale wale! Mkonga upo, masikio yapo.

Nimekasirika. Lakini nimegundua kitu. Mtu haoni kwa macho. Anaona vile ameambiwa. Mimi niliachia darasa la pili na hili nimelijua peke yangu.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemwambia jirani yangu, Mama Ndinda, kwamba mtungi wa maji wa Kioko ulikuwa wa mafuta taa. Uongo. Aliununua mpya, tulikuwa pamoja dukani. Mama Ndinda akaonja chai, akatema. "Wueh! Mafuta taa tupu!" Jana alikunywa vikombe viwili, akasifu.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 12 Machi
Watu wametoka kanisani, wamepita kibanda kama hakipo. Kioko amenunua mtungi mwingine. Amesugua sufuria kwa majivu. Bado wananusa. Vizuri.

Jumanne, 14 Machi
Ameuza benchi moja. Auze na lingine.

Jumamosi, 18 Machi
Kioko amefunga. Anarudi kwao Machakos. Ameniletea kikombe cha mwisho. "Mzee, wewe hujui kuficha. Niambie ukweli. Inanuka?"

Nilikuwa tayari kusema hapana. Kisasi kilikuwa kimetosha. Nikanywa.

Ilinuka. Mimi niliyetunga maneno, pua yangu imenusa. Nikanywa tena. Mafuta taa.

Nikamwambia inanuka.

Akamchukua ndovu mmoja, akamgeuzageuza. "Huyu ni ndovu mzuri, mzee. Siku ile nilikuwa natania tu." Akamrudisha polepole. Akaenda.

Nimemtazama huyo ndovu mchana mzima. Naona nguruwe.

Mama Ndinda alikuwa mlangoni kwangu Kioko alipoleta chai. Aulizwe yeye. Aliniona nikimaliza kikombe chote, pamoja na harufu yake.