Bunduki Niliyoiegesha Mlangoni kwa Wakwe

Mpendwa Bi Zuleha, shikamoo. Kabla hujashtuka kwa haya nitakayoyaandika nakuambia mapema kwamba hakuna aliyekufa, wote ni wazima, mama mkwe wangu ni mzima na anasuka maziwa kila asubuhi kama kawaida yake, na mimi kila nikilikumbuka hilo nashusha pumzi na kumshukuru Mungu, lakini pumzi yenyewe haishuki yote, nusu inabaki hapa kifuani, ndiyo maana nimeazima kalamu ya katekista wetu ili nikuombe msaada, maana sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mfugaji wa Rugu, huku Karagwe, nina mke mmoja, Kobugabe, na watoto wawili, na majina yote ninayoyaandika humu si yetu, nimeyaazima tu kwa sababu gazeti lako linasomwa mpaka huku. Mwaka huu, baada ya chui kunimalizia ndama wanne, nilikwenda Bukoba kwa Bwana D.C. nikapewa kibali cha bunduki, na mzungu mmoja wa machimbo ya bati aliyekuwa anarudi kwao akaniuzia yake, na bunduki hii, Bi Zuleha, si kama hizo tulizozizoea, hii inajipakia yenyewe. Unajaza risasi kumi kwenye magazini, unaichomeka chini ya bunduki, unavuta komeo mara moja tu, basi, kila ukifyatua risasi inatoka, ganda linaruka pembeni na risasi nyingine inaingia bila wewe kugusa kitu. Mzungu alinieleza haraka haraka huku anafunga masanduku yake, na mimi nilikuwa naitikia tu ndiyo bwana, ndiyo bwana, furaha ilikuwa imeniziba masikio, na isitoshe nilijiona najua, maana nimekulia na gobori la marehemu baba, na gobori ukishalipiga limekwisha, ni chuma tu mpaka ulishindilie baruti upya.

Basi tukafunga safari mimi na mke wangu kwenda kuwasalimu wakwe upande wa Nkwenda, na bunduki nikaibeba. Ningeweza kuiacha nyumbani, sitakudanganya, lakini nilitaka wakwe waione. Siku ya pili ya safari kundi la kanga likavuka njia, nikapiga mara moja, kanga mmoja akaanguka, mke wangu akapiga vigelegele, nami nikajisikia mwanamume kweli kweli. Tulipokaribia nyumbani kwao nikasema niwe mwangalifu, nikaichomoa ile magazini nikaitia mfukoni mwa koti, nikamwambia Kobugabe, "Sasa haina kitu tumboni, hata mtoto anaweza kuichezea."

Hapa inabidi nikueleze desturi yetu, maana wewe ni mtu wa mjini. Kwetu mwanamume hapiti na mkuki mlangoni kwa mkwewe, anauegesha nje, pembeni mwa mlango, anarudi nyuma hatua mbili anangoja, na baba mkwe mwenyewe anatoka, anaushika kwa mikono miwili, anauingiza ndani na kuuweka mahali pa heshima, na akishafanya hivyo hakuna haja ya kusema karibu. Mzee Kaijage, baba mkwe wangu, analipenda jambo hilo kuliko pombe ya ndizi. Siku hizi wakwe zake wengine wanakuja na miavuli, naye anaipokea miavuli vile vile kwa mikono miwili. Mimi sikuwa na mkuki wala mwavuli, nilikuwa na bunduki, nikaiegesha mlangoni, nikarudi nyuma hatua zangu mbili.

Mzee akatoka na kanzu yake nyeupe, akaiona, akacheka. "Mkwe wangu, leo umeniletea mkuki wa Wazungu!" Akaishika kwa mikono miwili, mmoja kwenye mtutu na mmoja huku nyuma, akageuka nayo kuingia, na hapo hapo bunduki ikalia.

Bi Zuleha, kuku walinyamaza. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka ndani, kali kama sauti ya mtu aliyeibiwa: "Maziwa yangu! Nani amenipasulia kisabo changu?" Kisabo ni kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, na alikuwa amekipakata mapajani anasuka siagi, risasi ikakitoboa kwa juu ikaenda kujikita kwenye udongo wa ukuta. Vidole vinne tu kutoka kifuani pake. Nilipiga magoti pale uani nikalia na kucheka kwa pamoja, na sijawahi kuipenda sauti ya mama mkwe kama siku ile.

Lakini baba mkwe hakucheka. Aliiweka bunduki chini taratibu, akaitazama mikono yake, akaniuliza, "Mkwe wangu, nimeshika wapi? Nimefanya nini?" Na mimi, nikiwa na magazini mfukoni na kwa kweli nikiwa sielewi kilichotokea, nikamjibu, "Baba, labda umeibana mahali pasipotakiwa."

Hilo ndilo neno linaloninyima raha. Tuliporudi Rugu nikaichukua bunduki nikashuka nayo bondeni peke yangu, nikachomeka magazini, nikavuta komeo, nikapiga kichuguu mara moja, nikachomoa magazini kama siku ile, halafu nikavuta komeo tena nione kuna nini humo ndani, na risasi nzima ikarukia kwenye majani. Nikaiokota, nikakaa chini. Kumbe nilipompiga kanga, nyingine ilikuwa imekwisha kuingia, nami nikaichomoa magazini nikaiacha ile moja humo humo, nikaiegesha mlangoni kwa watu.

Nilitaka kumwandikia mzee barua siku ile ile. Sikuandika. Baada ya wiki mbili akaja shemeji yangu Novatus, kaka yake Kobugabe, anaswaga mtamba mzuri mwekundu, akasema baba amemtoa mtamba huyo kuosha mkono wake kwangu, kwa sababu ameishika silaha ya mgeni vibaya na nusura aue nyumbani mwake. Akasema tangu siku ile mzee hapokei tena mkuki wa mtu, mgeni akija anamwita Novatus apokee, yeye anabaki ndani mikono ameificha kwenye kanzu, na mama amechoka kumwambia kwamba yeye hajafa. Nami, Bi Zuleha, nikampokea yule mtamba. Nikasema ahsante.

Mke wangu hajui, anamsifia mtamba kwa majirani. Nikisema, nitaitwa mwongo ukweni, huenda wakamwita binti yao arudi, na Bwana D.C. akisikia ataichukua bunduki na chui bado yupo. Je, si heri niiuze bunduki kimyakimya, nimrudishe mtamba kwa kusema malisho yamepungua, mambo yaishe? Nisaidie, na kama unaweza nisaidie kwa upole.

Ni mimi, Mwesigwa, Rugu.

*

Marahaba, Mwesigwa. Upole niliokuwa nao nimeumalizia pale mama mkwe wako alipoyalilia maziwa yake. Niliiweka karatasi yako mezani nikasema Alhamdulillahi, nikanywa kahawa yangu yote, ndipo nikaendelea kusoma. Ningependa barua yako ingeishia hapo. Tungecheka wote wawili, kisha nikakugombeza kidogo kwa majivuno, basi.

Lakini umeendelea, na nashukuru umeendelea. Mtu mbaya angemla yule mtamba na kulala usingizi. Wewe hulali, na hiyo ndiyo dalili kwamba bado unafaa kuwa mkwe wa watu. Sasa nisikilize.

Uliposema "labda umeibana mahali" hukuwa mwongo, ulikuwa mjinga aliyeogopa, na ujinga unasameheka. Umekuwa mwongo tangu siku ulipotoka bondeni na risasi ile kiganjani ukanyamaza. Na ulipompokea mtamba ulikwenda mbali zaidi, ulichukua malipo ya kosa lako kutoka kwa mtu uliyemkosea. Unaniambia unaogopa kuitwa mwongo. Je, baba mkwe wako anajiita nani saa hii, ameketi ndani ameificha mikono yake? Mzee aliyekuwa anapokea hata miavuli kwa heshima! Mama mkwe amepoteza kibuyu na maziwa ya asubuhi moja. Mzee Kaijage umempotezea kitu alichokipenda maishani mwake, na wewe ndiye peke yako unayeweza kumrudishia. Kidole chake kiligusa, ni kweli, lakini risasi uliiweka wewe, na mlangoni uliiegesha wewe.

Habari ya kuiuza kimyakimya iondoe kichwani. Kibali kina jina lako, bunduki haiuzwi kama kuku wa mnadani, na ukikamatwa hutamlaumu chui. Kwa Bwana D.C. nenda mwenyewe, mweleze kilichotokea kabla hajakisikia kwa mwingine. Huenda akakukaripia, na huenda akaichukua bunduki kwa muda, nami sitamlaumu. Anayekwenda kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayeletwa na askari.

Kuhusu bunduki yenyewe, nimemwita mume wangu Gharib, aliyewabebea mabwana nyama, wale maofisa wa wanyama wa porini, bunduki zao miaka kumi na minne na vidole vyake bado vyote kumi. Nilipomsomea ile habari ya haina kitu tumboni alishika kichwa. Anasema nikuandikie hivi, na ukate kipande hiki ukibandike ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Kwanza chomoa magazini, ndipo uvute komeo, na si kinyume chake, maana ukianza na komeo huku magazini imo unatoa moja unaingiza nyingine, na unaweza kushinda hapo mpaka jioni. Risasi ikiruka, bado usiamini. Liache komeo wazi, uchungulie ndani, na utie kidole kidogo, kwa sababu macho ya mtu mwenye haraka huona anachotaka kuona. Mdomo wa bunduki usielekee mtu hata kama umeikagua mara tatu, na kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga na umeona kilicho nyuma ya hicho unachokipiga. Ukitembea kwenda kwa watu, iwe tupu tangu unapotoka kwako. Hakuna kanga anayestahili hayo uliyoyapata.

Nyumbani bunduki ikae sandukuni kwa kufuli na risasi zikae kwingine, na ufunguo uwe kiunoni mwako. Na hakuna wa kuipokea bunduki yako kwa heshima, si baba mkwe wala chifu. Ukilazimika kumpa mtu, ifungue kwanza aone mwenyewe kwamba ni tupu, umweleze, ndipo umkabidhi mkononi. Bunduki si mkuki, Mwesigwa. Mkuki ukiuegesha mlangoni unabaki kama ulivyouacha.

Sasa kwa wakwe. Leo hii mwambie Kobugabe yote, asiyasikie ukweni mbele ya mama yake. Atakununia siku mbili tatu, na ni haki yake. Kisha atafute kisabo kipya kilichokauka vizuri, akioshe na kukifukiza mwenyewe, amchukulie mama yake. Mtamba umswage wewe, kwa mikono yako, na habari ya malisho kupungua usiitaje. Huu ni mwezi wa mvua na kila mtu Nkwenda ana macho.

Bunduki ibaki Rugu sandukuni. Chukua mkuki wa marehemu baba yako, na kama ulishauuza azima wa jirani. Uegeshe pembeni mwa mlango, rudi nyuma hatua zako mbili, na hapo hapo uani useme kila kitu kwa sauti ya kufika mpaka ndani: kanga, magazini mfukoni, bonde, risasi iliyoruka. Usijitetee. Novatus akitoka kuupokea mkuki, mwambie, "Hapana shemeji, namngoja baba." Kama mvua itanyesha, nyeshewa. Kama giza litaingia, kaa hapo hapo na mtamba wako. Usikanyage ndani ya nyumba ile mpaka uione mikono yote miwili ya mzee imetoka kwenye kanzu na kuushika mkuki wako.